Je, Wajua? Pedi Inayojiendea Haijafa

Beki wa kati anaondoka mwenyewe. Mpira uko upande wa pili wa uwanja, hakuna kidole kilichogusa pedi, lakini beki anatembea taratibu kuelekea kibendera cha kona. Goli linaingia. Aliyefungwa anapiga kelele kwamba pedi ni mbovu, aliyefunga anamwambia aache visingizio, na mwenye kibanda anaichomoa pedi na kuitupia kwenye boksi la nyingine zilizokwisha kuhukumiwa. Katika vibanda vya gemu vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, boksi hilo ni sehemu ya samani. Cha kuudhi ni kwamba nyingi ya pedi zilizomo zina ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo unatibika.

Vijana wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu PS4 na PS5, picha ipi ni kali na mashine ipi ina kasi, hawaijali pedi hata kidogo. Hurushwa, huvutwa waya, hushikwa kwa mikono yenye mafuta ya mihogo ya kukaanga. Na pedi ndiyo kitu pekee ambacho mchezaji anakigusa.

Tuanze na mashine iliyolea kizazi kizima. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani, na Sony ikaacha kuitengeneza mwaka 2013. Mchezo wa mwisho kutolewa kwa ajili yake ulikuwa wa mpira, Pro Evolution Soccer 2014, Novemba 2013. Pedi yake, DualShock 2, ilikuwa na ujanja ambao wengi walioichezea hawakuwahi kuujua: karibu vitufe vyake vyote vilipima nguvu ya kidole. Chini ya kila kitufe kuna mpira laini unaopitisha umeme. Ukibonyeza kwa nguvu unabonyea zaidi, unagusa eneo kubwa zaidi, na mashine inasoma tofauti hiyo. Katika Metal Gear Solid 2, mchezaji aliyeachia kitufe polepole aliishusha bunduki bila kufyatua. Pedi nyingi za kunakili zinazopanda huku kutoka Kariakoo zina umbo lilelile na rangi ileile, ila ujanja huo mara nyingi umeachwa kiwandani.

Lakini si vitufe vinavyolijaza boksi. Ni analogi.

Fungua pedi, angalia chini ya kijiti cha analogi. Utakuta kisanduku cha chuma chenye vibweta viwili vidogo ubavuni, kimoja kwa mwendo wa kushoto na kulia, kingine kwa mbele na nyuma. Kila kibweta ni potenshiomita, kifaa cha jamii moja na kile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Ndani yake kuna njia nyembamba ya kaboni iliyopindwa, na juu ya njia hiyo kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza. Umeme wa volti tatu na kitu huingia upande mmoja wa njia. Ulimi ukiwa karibu na mwanzo, unachukua volti nyingi. Ukisogea mbali, ukinzani unaongezeka na volti zinapungua. Mashine haioni kidole wala kijiti. Inaona volti tu, na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 255. Kijiti kikiachwa katikati, namba inapaswa kuwa 127 au 128. Mchezo ukisoma 128, beki anasimama. Ukisoma 150, beki anaondoka.

Sasa fikiria ulimi huo unasugua njia ya kaboni mara ngapi. Dole gumba la mchezaji wa mpira halitulii, na karibu kila safari yake inaanzia katikati na kurudi katikati. Kaboni ya hapo ndiyo inayolika kwanza. Unga wake mweusi unabaki mlemle ndani na kuanza kuusumbua ulimi. Springi inayorudisha kijiti nayo inalegea, kikawa hakirudi sawasawa. Ndiyo maana pedi haifi ghafla: inaanza kwa kuyumba kidogo, mchezaji anaizoea, anaisukuma kinyume bila kujua, mpaka siku moja beki anaaga.

Nyanda za juu za Kigoma zinaongeza adui mwingine. Kiangazi cha huku, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, ni cha vumbi jekundu, laini kiasi cha kupita kwenye kila upenyo. Barabara ya Kabingo hadi Manyovu, kilomita 260 hivi kupitia Kakonko, Kibondo, Kasulu na Buhigwe, ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi kabla ya lami kuanza kutandazwa, na mitaa mingi ya ndani bado ni udongo mtupu. Vumbi hilo halipitishi umeme. Likiingia chini ya kijiti linakutana na grisi ya kiwandani, linakuwa uji mzito, na ulimi unainuliwa kutoka kwenye njia yake. Namba zinaanza kurukaruka. Pedi ya kibandani Kasulu, mlango ukiwa wazi kutwa, inazeeka kwa kasi kuliko pedi ya sebuleni Dar es Salaam.

Umeme wenyewe ulikuwa tatizo kubwa zaidi zamani. Mpaka mwaka 2022, Kibondo na Kasulu ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Gridi ya taifa ilizifikia mwaka huo kupitia Nyakanazi. Tangu hapo vibanda vina saa nyingi zaidi za kucheza. Analogi nazo zina saa nyingi zaidi za kulika.

Hapa ndipo hasira inapohalalishwa, na si kwa wenye vibanda. Mwaka 2021, mafundi wa iFixit, kampuni ya Marekani inayofundisha watu kutengeneza vifaa vyao wenyewe, walifungua pedi ya PS5 na kukuta ina analogi ya kampuni ya Alps, ya aina ileile ya potenshiomita. Wakachukua umri uliotajwa na kiwanda, mizunguko milioni mbili, wakahesabu jinsi dole gumba linavyosogea katika Call of Duty: Warzone, na kupata saa 417 za kucheza. Kibanda kinachofanya kazi saa nane kwa siku kinazimaliza kabla ya miezi miwili. Nintendo ilisumbuliwa na kesi kuanzia 2019 kwa ugonjwa huohuo kwenye pedi za Switch, na Juni 2020 rais wake, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa usumbufu. Radhi haikubadilisha kaboni.

Na dawa ilikuwepo muda mrefu. Mwaka 1879 Mmarekani Edwin Hall aligundua kwamba umeme unaopita kwenye metali ukikaribishiwa sumaku husukumwa pembeni, na msukumo huo unaweza kupimwa kama volti. Weka sumaku ndogo kwenye mguu wa kijiti, weka kipimo cha Hall chini yake, na utajua kijiti kilipo bila kitu kugusana na kitu. Hakuna njia ya kulika. Sega walifanya hivyo kwenye pedi yao ya analogi ya mwaka 1996 ya mashine ya Saturn, wakarudia kwenye Dreamcast mwaka 1998. Springi bado huweza kulegea, lakini beki haagi kwa sababu ya kaboni. Leo viwanda vya China vinauza analogi za sumaku za kubadilishia kwenye pedi za PS4 na PS5, wakati wenye majina makubwa wanaendelea kuweka kaboni kwenye pedi nyingi za bei ya juu. Aliyebuni pedi inayochakaa mapema anauza pedi nyingine, na hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Kwa mwenye boksi, matibabu yana hatua. Kwanza, fungua skrubu za nyuma na upulize vumbi. Pili, tone la spiriti safi, ile ya asilimia 90 na zaidi, pembeni mwa vibweta, kisha zungusha kijiti mpaka kila pembe iguswe, na uache ikauke kabla ya kuchomeka. Petroli na tina hapana, zinaweza kuyeyusha plastiki; mafuta ya kupikia, ambayo kuna wanaoyajaribu, yanakamata vumbi zaidi. Kama namba bado zinaruka, kaboni imelika kweli, na hapo fundi redio mwenye kifaa cha kulehemu anahitajika. Analogi nzima imeshikwa kwa pointi 14 za risasi. Kuzitoa bila kung'oa njia za shaba kwenye bodi kunataka subira, si shahada.

Kuna hatua nyingine isiyohitaji skrubu, nayo inapatikana kwenye kompyuta. Pedi yenye USB, au ya PS2 iliyopitishwa kwenye kiunganishi cha USB, inaweza kuhamia kwenye laptopu ya mtumba yenye mfumo endeshi wa Linux na kuanza maisha ya pili. Watu wengi huamini Linux na gemu havikai chungu kimoja. Sony yenyewe iliwahi kuuza Linux ya PS2, Japani mwaka 2001 na Ulaya na Marekani mwaka 2002, pamoja na kibodi, mausi na diski ya gigabaiti 40. Kwenye PS3 iliruhusu Linux tangu mwanzo, kisha ikaifuta kwa sasisho la Aprili 2010. Jeshi la anga la Marekani liliunganisha PS3 zaidi ya 1,700 na kutengeneza kompyuta moja kubwa.

Kinachopendeza ni jinsi Linux inavyozitendea pedi za mtaani. Ile sidii ndogo ya draiva inayokuja ndani ya boksi la pedi ya Kichina huwa haina kazi. Ndani ya kiini cha Linux kuna draiva fupi iitwayo hid-pl, iliyoandikwa na Anssi Hannula mwaka 2007, ambayo kazi yake ni kuzifanya pedi za bei rahisi zenye chipu za PantherLord na GreenAsia zitetemeke vizuri. Mtu alikaa chini, bila kulipwa na kiwanda chochote, akaishughulikia pedi ambayo kiwanda chenyewe kilikwisha kuisahau. Mwaka 2021 Sony nayo ilileta draiva rasmi ya pedi ya PS5, ikaingia kwenye toleo la 5.12 la kiini hicho.

Pedi ya kawaida ya hatua 255, Linux huipa eneo la kimya la hatua 15 kila upande wa katikati: kijiti kikiyumba ndani ya hapo, kinahesabiwa kimetulia. Programu ya jstest inaonyesha namba moja kwa moja, hivyo ubishi wa nani kashika pedi mbovu unakwisha kwa kutazama kioo. Programu ya evdev-joystick inaruhusu kulipanua eneo hilo, tuseme hatua 25 au 30. Gharama yake ni kwamba miguso midogo inapotea. Mchezaji wa magari ataisikia, mchezaji wa mpira huenda asiisikie kabisa. Baadhi ya michezo hupuuza maelekezo hayo na kutaka eneo la kimya liwekwe kwenye mipangilio yake yenyewe.

Tusidanganyane: Linux haichezi kila kitu. Tangu kampuni ya Valve ilipotoa Proton, programu ya kuendesha michezo ya Windows kwenye Linux, Agosti 2018, maelfu ya michezo hiyo inacheza, na mashine yake ya mkononi, Steam Deck ya 2022, ni Linux ndani kwa ndani. Lakini EA Sports FC, mpira ambao vibanda vinautaka, hukwama kwenye mlinzi wake wa kuzuia udanganyifu, na Apex Legends ilifungia Linux mlango mwishoni mwa 2024. Kupakua gigabaiti 50 kwa kifurushi cha simu Kibondo ni mzaha mbaya. Hivyo inabaki michezo midogo na ya bure: SuperTuxKart kwa mbio za magari, pamoja na viigizi vya mashine za zamani, PPSSPP na PCSX2, kwa wenye michezo yao ya zamani.

Laptopu za kuwekea Linux hazikosekani: Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi nzima zimeitwa taka kwa sababu hazikidhi masharti ya Windows 11. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayojulikana. Tanzania ina kanuni za taka hizo tangu 2021. Kanuni haijui kulehemu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Kasulu na Kibondo vinafundisha ushonaji na useremala. Somo la kufungua pedi, kupima volti kwa mita na kubadili analogi lingetosha kwenye meza moja, na vifaa vya mazoezi vimejaa bure kwenye maboksi ya vibanda.

Pedi nzima, kwa upande wake, ina kazi nyingi kuliko mpira. Manowari ya Marekani USS Colorado, iliyoanza kazi 2018, inageuza kamera za mlingoti wake kwa pedi ya Xbox 360. Baadhi ya roboti za kutegua mabomu huendeshwa hivyo hivyo. Utafiti wa 2007 ulikuta madaktari wa upasuaji waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 kwenye mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo. Xbox ina pedi ya walemavu tangu 2018. Na pedi iliyokufa kweli, kaboni imekwisha na bodi imeungua, bado ina mota mbili za mtetemo, springi, waya wa shaba, skrubu na raba za vitufe, ambazo fundi wa rimoti atazichukua leo hii.