Kumfundisha mtoto mwenye mahitaji maalumu kuishi na wenzake

Mama mmoja alinifuata baada ya kliniki akaniambia, "Nesi, mwanangu ana miaka saba. Shuleni, kwenye kitengo cha elimu maalumu, anaendelea vizuri. Lakini mtaani wanasema nimezaa mtoto asiye na adabu, maana hasalimii watu." Mtoto mwenyewe alikuwa pembeni anazungusha kizibo cha soda. Nami nikafanya kosa: nikamshika kidevu, nikamgeuza uso anitazame, nikamwambia, "Sema shikamoo." Alipiga kelele hadi watu wote kwenye foleni wakageuka.

Mtoto yule ana usonji. Kumshika uso ghafla na kumlazimisha anitazame kulimuumiza, hakukumfundisha kitu.

Watoto wengi hujifunza kusalimia, kusubiri zamu na kuomba kitu kwa kutuangalia tu. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha jinsi ya kumpisha mkubwa mlangoni. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili mara nyingi haoni mambo hayo yenyewe. Anahitaji kufundishwa kama anavyofundishwa kuhesabu: kidogo kidogo, kwa kurudia mara nyingi. Si kiburi wala laana, wala si kwa sababu umemdekeza. (Kama hajawahi kupimwa masikio, anza na hilo. Mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mkaidi.)

Anza na jambo moja

Chagua jambo moja tu linalowasumbua zaidi nyumbani. Likiwa ni salamu, ligawe. Wiki za kwanza lengo liwe kusimama karibu na mgeni bila kukimbia. Akizoea, apunge mkono au agonganishe kiganja. Neno "shikamoo" lije mwisho, na kwa mtoto asiyeongea huenda lisije kabisa. Kupunga mkono nako ni salamu. Usimlazimishe kutazama machoni. Wengi wao husikia vizuri zaidi wakiwa wameangalia pembeni. Na sisi wenyewe tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, sijui tumeanza lini kuliona kosa.

Kusubiri zamu ndilo jambo ninalopenda kuanza nalo, kwa sababu ndilo linalomfungulia mtoto mlango wa michezo. Kombolela na rede vina kanuni nyingi, usimpeleke huko kwanza. Jaza naye ndoo ya maji kwa kopo: "Zamu ya mama," unamimina. "Zamu yako," anamimina. Dakika tano zinatosha. Akishaelewa, mwite ndugu yake awe wa tatu. Baadaye mtoto mmoja wa jirani, mpole, na mpira. Mmoja tu, si kundi zima.

Akifanya vizuri, taja alichofanya: "Umesubiri zamu yako!" Hilo linamwambia kitu, kuliko "mtoto mzuri". Akikosea, mrudishe hatua moja nyuma. Fimbo itamfundisha kukuogopa, kusubiri hatakujua.

Kwa mambo yanayomtisha, kama kupanda daladala au kwenda kunyolewa, mweleze kabla kwa hadithi fupi inayomhusu yeye: tutapanda gari, kutakuwa na watu wengi na kelele, nitakushika mkono, tutashuka sokoni. Chora hata kwa kalamu ya mkaa. Mwalimu wa Marekani, Carol Gray, alianza kutumia hadithi za namna hii na wanafunzi wenye usonji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walimu wengi wa elimu maalumu wanazitumia. Muulize wa mtoto wako anatumia maneno gani, nawe utumie hayo hayo. Mtoto akisikia "zamu" shuleni na "ngoja kwanza" nyumbani, kwake ni mambo mawili tofauti.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua kiakili au kimawasiliano. Msingi wake ni huo huo: mlezi anafundisha kupitia michezo na kazi za kila siku za nyumbani.

Afundishwe pia kukataa

Hapa ndipo ninapokuwa na hofu zaidi. Wapo watoto, hasa wenye ulemavu wa akili, ambao humkumbatia kila mtu, na sisi huwasifu kwamba wana upendo. Tukiwafundisha kutii tu, tunawaacha hatarini. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu wana uwezekano wa mara mbili wa kufanyiwa ukatili kuliko wenzao.

Kwa hiyo mfundishe "sitaki" kwa neno, kwa kutikisa kichwa au kwa kuinua kiganja. Anza na vitu vidogo: akikataa uji wa pili, kubali, ili ajue kukataa kwake kunasikilizwa. Chagua watu wa kukumbatiwa: mama, baba, bibi, dada. Wengine wote ni kupunga mkono, hata mjomba anayekuja na pipi. Mtajie sehemu za siri kwa majina yake, umwonyeshe nani anaruhusiwa kumwogesha, na mlango wa bafu ufungwe. Mtoto wa miaka kumi na mbili hapaswi kuvuliwa nguo uani kwa sababu tu "haelewi".

Ukiona mabadiliko ya ghafla, anamwogopa mtu fulani, anakojoa kitandani wakati alishaacha, au ana maumivu sehemu za siri, usisubiri aseme. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Hapa Tanzania unaweza kupiga namba 116 bure.

Ugumu mwingine utatoka kwa ndugu. Shangazi atakasirika hakukumbatiwa, bibi atasema mnamharibu mtoto. Waeleze kabla hawajafika: "Atakupungia mkono, ndiyo salamu yake." Wakikataa kuelewa, njoo nao kliniki. Wengine hukubali wakisikia kutoka kwa nesi, ingawa ni yale yale uliyowaambia wewe.