Singa Sita za Phar Lap

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za farasi aliyekufa mwaka 1932, akaja kupimwa sumu baada ya miaka zaidi ya 70. Msidhani ni ngano. Ngozi yake imesimama hadi leo ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Melbourne, Australia. Moyo wake wenye uzito wa kilo 6.2 umehifadhiwa Canberra, na mifupa yake iko Wellington, New Zealand, nchi alikozaliwa. Farasi mmoja, miji mitatu!

Jina lake Phar Lap. Alinunuliwa kwa bei ya chini mnadani, na mwanzoni hakuna aliyemtegemea. Mbio zake za kwanza alishika mkia. Kisha miguu ikafunguka: katika mbio 51 alizokimbia maishani, alishinda 37. Hiyo ilikuwa miaka ya ukata, watu hawana kazi, na Jumamosi wakienda kumtazama Phar Lap walisahau njaa kidogo. Lakini wako waliomchukia. Farasi anayeshinda kila wiki huwatia hasara wenye biashara ya kamari. Siku chache kabla ya mbio za Kombe la Melbourne za mwaka 1930, watu waliokuwa ndani ya gari walimfyatulia risasi alfajiri. Wakamkosa. Kombe akalichukua.

Mwaka 1932 akavushwa bahari hadi Tijuana, Mexico, na tarehe 20 Machi akashinda mbio za huko. Baada ya hapo akapelekwa kupumzika katika shamba moja karibu na Menlo Park, California. Asubuhi ya tarehe 5 Aprili, mtunzaji wake Tommy Woodcock, kijana aliyempenda farasi yule kama ndugu, alimkuta ana homa kali na maumivu. Siku hiyo hiyo Phar Lap akafa. Walipompasua wakakuta tumbo limevimba vibaya ndani.

Basi, maneno! Australia nzima ikasema majambazi wa Marekani wamemlisha sumu. Wengine wakasema amekula majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu. Wengine wakasema ni ugonjwa tu wa tumbo. Wazee wakabishana hadi wakafa, watoto wao wakarithi ubishi.

Mwishoni wanasayansi wawili, Ivan Kempson na Dermot Henry, wakauliza swali la maana: kama alilishwa sumu, sumu hiyo ingebaki wapi? Ukiacha moyo, nyama ilikwisha oza. Singa zilikuwepo.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Mmemwona bibi anayesuka ukili wa mkeka? Akiingiza mwaa wenye rangi, rangi inaonekana pale pale alipouingiza, na akiendelea kusuka sehemu ile inasogea mbali na mkono wake. Singa nayo inasukwa kwenye shina, ndani ya ngozi, kutokana na vitu vinavyoletwa na damu. Damu ikibeba sumu kama aseniki leo, kipande cha singa kinachoota leo kinabeba aseniki. Kwa kuwa singa ya farasi huongezeka chini kidogo ya milimita moja kwa siku, ukijua sumu iko umbali gani kutoka shinani, unaweza kuhesabu kurudi nyuma hadi saa ilipoingia mwilini. Farasi akifa, kusuka kunasimama.

Ila kulikuwa na mtego. Zamani wahifadhi wa ngozi za wanyama walipaka aseniki ili wadudu wasizile. Kwa hiyo kuikuta aseniki kwenye ngozi ya Phar Lap hakukuthibitisha lolote. Mpimaji mvivu angetangaza "sumu!" akaenda kunywa chai.

Kempson na Henry hawakuwa wavivu. Walichukua singa sita zenye mashina yake, wakazipeleka kwenye maabara ya Argonne, karibu na Chicago, penye mtambo mkubwa wa duara unaotoa miali ya eksirei yenye nguvu ajabu, myembamba kuliko unene wa singa yenyewe. Mwali ukigusa chembe za aseniki, chembe zile hurudisha mwanga wa namna yake peke yake, usiofanana na wa chuma wala wa zinki. Wakapita singa kidogo kidogo, nje na ndani. Aseniki ya wahifadhi waliiona. Lakini karibu na shina waliona nyingine, imeingia ndani na kwa umbo tofauti la kikemia, ile inayotoka kwenye damu. Hesabu yao: farasi alimeza aseniki nyingi kati ya saa 30 na 40 kabla ya kufa.

Nawaona mnataka kuuliza: nani alimpa?

Singa haisemi. Hata mkojo hausemi. Mwaka 1979 huko Uingereza, farasi aitwaye No Bombs alishinda mbio, mkojo wake ukapimwa, ukakutwa na kafeini na theobromini, vitu vilivyokatazwa mbioni. Akanyang'anywa ushindi. Kumbe alikuwa amempokonya mtunzaji wake chokoleti akaila! Maabara haikukosea hata kidogo, vitu vile vilikuwamo. Ila chupa ya mkojo haijui kutofautisha mwizi wa chokoleti na mhalifu.

Kwa Phar Lap, mimi siwaoni majambazi. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Melbourne lilinunua daftari la mkufunzi wake, Harry Telford, na ndani yake mna maelekezo ya kuchanganya dawa za kuwapa farasi nguvu. Baadhi zina aseniki, nyingine sumu iitwayo strikinini. Enzi zile ilikuwa kawaida, kidogo kidogo kwa kijiko. Telford mwenyewe hakusafiri kwenda Marekani, na hakuna ushahidi wa kumtia mtu yeyote hatiani. Lakini kijiko kilichozidi kinanishawishi kuliko bastola na njama.

Leo mbio zikiisha, farasi hupelekwa kwenye banda la vipimo. Mtu husimama kando yake ameshika kikombe chenye mpini mrefu, anapiga mluzi taratibu, maana farasi wengi wamezoezwa kukojoa wakisikia mluzi. Msicheke, hiyo ni kazi ya mtu na analipwa! Mkojo unagawanywa kwenye chupa mbili zinazofungwa kwa lakiri. Moja inapimwa, ya pili inatunzwa, ili mwenye farasi akibisha ipimwe hiyo. Aseniki kidogo hutoka kwenye udongo na malisho, hivyo sheria za kimataifa za mbio zimeweka kikomo cha aseniki inayoruhusiwa katika mkojo. Ikizidi hapo, farasi ananyang'anywa ushindi, hata kama aliyempa alidhani anampa dawa ya nguvu.