Turbo kwenye 1HZ: joto linakwenda wapi?

Msomaji mmoja wa Arusha, mwenye Land Cruiser ya kubebea watalii, anauliza kama akifunga turbo kwenye injini yake ya 1HZ ataweza kupanda Ngorongoro bila kushusha gia kila kona. Swali limekuja mahali pake. 1HZ ndiyo injini iliyojaa kwenye pikiapu na magari ya safari ya Afrika Mashariki.

Sifa zake zinajulikana: silinda 6 kwa mstari, lita 4.2, haina kompyuta ya kusumbua. Nguvu za farasi ni kama 130 tu, tena zikipimwa usawa wa bahari. Kwenye ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi juu, presha ya hewa imeshuka karibu robo, na injini isiyo na turbo haina pa kuipata robo hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Mfikirie mhunzi. Makaa yakirundikwa bila upepo hutoa moshi tu, kwa hiyo anaweka kijana wa kuvukuta mivukuto. Kijana huchoka, hula, hudai ujira. Sasa mhunzi afunge pangaboi ndani ya dohani ya tanuru, moshi unaotoka ulizungushe, na mhimili wake ndio uendeshe mivukuto. Moto ukikolea, moshi hutoka kwa kasi. Mivukuto huvuma zaidi, moto hukolea tena. Kijana anaenda zake nyumbani. Turbo ni hiyo hiyo, ila pangaboi lake linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika.

Mhunzi huyo angegundua na jambo la pili: hewa ikishindiliwa hupata joto, na ya moto hutanuka. Turbo ikiongeza presha kwa nusu, hewa iliyoingia na nyuzi 27 hutoka na 80 hivi. Ile asilimia 50 ya hewa ya ziada iliyotarajiwa inabaki kama 27. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, ndiyo hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Hata hivyo, kwenye dizeli hewa peke yake haileti nguvu. Fundi akifunga turbo bila kugusa pampu ya dizeli, moshi mweusi hupungua, gari huvuta vizuri kidogo mlimani, basi. Dereva anarudi kulalamika. Fundi anachukua spana na bisibisi, analegeza nati nyuma ya pampu, anazungusha skrubu ya dizeli kidogo tu. Hapo ndipo nguvu inapokuja, na joto nalo.

Joto hilo lina njia yake. 1HZ hainyunyizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Nozeli hunyunyiza ndani ya kijichumba kilichomo kwenye silinda hedi. Moto huanzia humo, kisha huchomoka kwa kishindo kupitia tundu jembamba hadi kwenye pistoni. Ni ubunifu mtamu kweli: dizeli huchanganyika vyema na hewa, na ule mlio wa kugonga hupungua. Lakini injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000, mdomo wa tundu hilo hupigwa na ndimi za moto mara 1,500 kila dakika. Ukizidishiwa dizeli, nyufa za hedi huanzia maeneo hayo, na dalili ya kwanza huwa maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovuja.

Toyota wenyewe walipotaka turbo hawakuibandika juu ya 1HZ. Walitoa ndugu yake, 1HD-T, ambayo dizeli huingia silindani moja kwa moja, na uwiano wa mgandamizo ukashushwa kutoka 22.4 hadi 18.6.

Kwa gari la Arusha, basi, turbo inafaa, mradi presha ya nyongeza isizidi nusu ya ile ya hewa ya kawaida, intakula iwepo, na geji ya joto ifungwe kwenye njia ya moshi kabla haujafika kwenye turbo. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pesa isipotosha vyote vitatu, turbo ndiyo ya kusubiri.