Kipimo Kifike Kijijini Kabla ya Dawa

Homa ya mtoto huanza kutibiwa nyumbani. Katika vijiji vya Bungoma na vile vinavyozunguka Kitale, mama huchemsha mitishamba au hutuma mtu duka la dawa sokoni. Homa isiposhuka, ndipo hukumbukwa zahanati. Likizuka degedege, wapo watakaosema hilo ni la mganga. Familia moja yaweza kupita kote huko kwa wiki moja, wala isione mgongano.

Kuwaita watu hawa wajinga ni kuwaonea. Kila hatua ina hesabu yake: nauli ya bodaboda, siku ya palizi inayopotea, foleni, kisha kuambiwa dawa zimekwisha, kanunue nje. Mwenye duka yuko karibu na huuza hata nusu dozi. Mganga husikiliza, huweza kungoja malipo hadi mavuno, na hujibu swali ambalo daktari hana nafasi nalo: kwa nini mwanangu, na kwa nini sasa?

Hatari kubwa ni kutibu ugonjwa usiojulikana. Mwaka 2004 Kenya iliteua dawa mseto kuwa tiba ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimezoea dawa za awali. Lakini si kila homa ni malaria. Anayemeza dawa mseto bila kupimwa huenda ana nimonia, nayo nimonia haingoji.

Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Duke nchini Marekani, walijaribu njia nyingine Bungoma Mashariki na Kiminini, kaunti ya Trans Nzoia. Wahudumu wa afya ya jamii walipima malaria bure kijijini. Aliyekutwa nayo alipewa vocha ya kupunguziwa bei ya dawa mseto dukani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa waliopimwa waliongezeka. Nao hawakulazimika kuliacha duka walilolizoea.

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wenye mikoba ya vifaa. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zihakikishe mikoba hiyo haikosi vipimo vya malaria, na wahudumu wanalipwa kwa wakati. Waganga nao waitwe mezani, wafunzwe dalili zisizosubiri: degedege, kupumua kwa shida, mtoto kushindwa kunyonya. Mganga anayeaminiwa akisema "mkimbizeni hospitalini", atasikizwa upesi kuliko bango lolote.