Mchezo Mbovu wa Mtandaoni: Fedha Zaweza Kurudi



Katika maduka mengi ya mji wetu, chini ya risiti huandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairejeshwi. Tumeyasoma maneno hayo tangu utotoni, hata tukadhani ni sheria ya nchi. Ndiyo maana mzazi mmoja alipotujia karibuni baada ya sala ya Alasiri, alianza kwa kusema kwamba fedha zake amekwisha kuzisamehe, anatafuta tu wa kumsikiliza. Alikuwa amemnunulia mwanawe mchezo wa kompyuta kwa shilingi 2,600, zawadi ya kufaulu mtihani. Mchezo ulipakuliwa usiku kucha, ukala bando la wiki nzima, na kila ulipofunguliwa ulizimika kabla picha ya kwanza haijatulia. Kijana alijaribu mara tatu, akanyamaza. Baba naye akanyamaza, kwa siku 19.

Tulimwambia kwamba kimya hicho kimemgharimu kuliko ubovu wa mchezo wenyewe.

Kitu kilichopakuliwa hakishikiki mkononi, na wako wauzaji waliojificha nyuma ya jambo hilo. Kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la michezo liitwalo Steam, iliwahi kuwaeleza wateja wake wa Australia kwamba hawana haki ya kurejeshewa fedha. Mwaka 2014 tume ya serikali ya huko inayosimamia ushindani na haki za watumiaji ikaishtaki. Valve ilijitetea kwamba haifanyi biashara Australia, na kwamba kinachouzwa si bidhaa. Utetezi huo haukuiokoa. Mwaka 2016 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba programu ya kompyuta ni bidhaa, na kwamba muuzaji mwenye akaunti zaidi ya milioni 2 za wateja katika nchi hiyo anafanya biashara humo, hata kama ofisi yake iko ng'ambo. Faini ilikuwa dola milioni 3 za Australia. Kesi ikiwa bado inaendelea, mwaka 2015, Steam ilikuwa imekwisha kufungua mlango wa kurejesha fedha kwa wateja wake.

Hukumu ya Australia haimfungi hakimu wa Mombasa, hilo twalijua. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo yanayohitajika, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nayo sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012 inagusa mikataba ya intaneti waziwazi: muuzaji amweleze mnunuzi yanayopasa kabla ya mkataba, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa. Hata hivyo, ni nani atakayeajiri wakili kwa ajili ya shilingi 2,600? Kwa hivyo mlango wa kubisha kwanza ni wa duka lenyewe, na mlango huo hufungwa mapema.

Steam humrejeshea mnunuzi fedha akiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, na awe hajacheza kufikia saa 2. Hapa wengi huponzwa na saa, maana mchezo ukiachwa wazi kijana akaenda kula, dakika zinahesabiwa. Kwenye Google Play, ambako watoto wetu hununua michezo ya simu, ombi hupelekwa Google ndani ya saa 48. Baada ya hapo mnunuzi huelekezwa kwa waliotengeneza mchezo. PlayStation hutoa siku 14, ila ukianza kupakua haki hiyo huondoka, isipokuwa mchezo uwe na kasoro.

Waliosoma fiqhi ya Kishafi hawatashangazwa na haraka hii. Khiyari ya aibu humpa mnunuzi ruhusa ya kurudisha kitu chenye kasoro, lakini anapoigundua kasoro asikawie bila udhuru, wala asiendelee kukitumia. Kijana aliyeucheza mchezo hadi mwisho, kisha akaandika kwamba haukufunguka, hadai haki. Anasema uongo, na baba anayemsaidia kuandika anashiriki.

Basi mchezo ukigoma, usiujaribu siku nzima. Piga picha ya maneno ya kosa yanayotokea kwenye skrini, tafuta risiti katika barua pepe, kisha andika ombi kupitia akaunti ileile iliyonunulia. Eleza kasoro kwa sentensi mbili tatu, bila hasira. Na kabla ya kununua, linganisha uwezo wa kompyuta yako na mahitaji yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa mchezo. Mara nyingine mchezo ni mzima, mashine ndiyo haiuwezi. Wenye watoto wadogo waweke nywila ya kuulizwa katika kila ununuzi, kwa sababu kidole cha mtoto wa miaka sita hakijui tofauti ya kucheza na kulipa.

Yule mzazi tuliketi naye barazani, tukaandika ombi pamoja. Jibu lilikuja kesho yake: muda umepita. Tumeandika la pili, tukaambatisha picha za kosa lenyewe na kumbukumbu inayoonyesha kwamba mchezo haujawahi kuchezwa hata dakika 10. Mpaka tunapoandika makala haya, jibu lake halijafika.