Kombu Haioshwi

Nimeulizwa tena kuhusu kombu, ule mwani mkavu wa Kijapani wa kupikia supu: "Kombu yangu imeota ukungu mweupe. Niioshe kwa maji ya moto au niitupe?" Usiioshe wala usiitupe. Ule si ukungu. Ni manitoli, sukari ya mwani wenyewe, ambayo hujitokeza juu ya jani kadiri linavyokauka. Ladha yenyewe inatokana na glutamati, ambayo Kikunae Ikeda, profesa wa kemia mjini Tokyo, aliitenga kutoka kwenye kombu mwaka 1908 na kuipa ladha yake jina la umami. Vyote viwili huyeyuka majini. Anayeisugua kombu chini ya bomba anamwaga alichokilipia dukani, kisha analalamika kuwa supu imepooza na kuongeza chumvi!

Ichukue hadi dirishani uitazame vizuri. Manitoli hutanda kama unga mkavu, haina manyoya, na harufu yake ni ya bahari tu. Ukigusa kwa kidole chenye maji, inayeyuka. Ukungu huota kwa madoa yenye manyoya, mara nyingi ya kijani au meusi, na hunuka uvundo. Hiyo ndiyo ya kutupa, yote, maana kukata sehemu iliyooza hakusaidii.

Wengine huitupa eti imekaa mwaka mzima. Kule Tsuruga, mkoani Fukui nchini Japani, wafanyabiashara huilaza ghalani mwaka mmoja au zaidi kwa makusudi, ili ule ukali wa harufu ya bahari upungue. Adui wa kombu ni unyevu, si umri.

Basi ipanguse vumbi kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Loweka gramu 10 kwa lita moja ya maji, nusu saa au usiku kucha kwenye friji. Pasha moto polepole, uitoe kabla maji hayajachemka, la sivyo supu itakuwa na mlenda. Maji hayo ndiyo dashi, mchuzi wa kuanzia supu. Kwa aina nyingine za mwani: wakame iloweke dakika tano, na kidogo tu, kwani huvimba sana. Nori ikae kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na kile kipakiti cha kufyonza unyevu. Ikilegea, ipitishe juu ya moto. Hijiki ina aseniki, na mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishauri mwaka 2004 isiliwe kabisa; mimi siipiki. Mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, hautoi dashi, msinunue kwa ajili hiyo.

Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo amwone daktari kwanza, kwa sababu kombu ina madini joto mengi mno.