Vigari vya Gofu na Barabara za Takoma Park

Kigari cha gofu hakiruhusiwi kuendeshwa katika barabara za umma za Takoma Park. Udogo wake na mwendo wake wa taratibu havikiondoi katika sheria: gari la mota linaloingia barabarani Maryland sharti lisajiliwe, na Idara ya Magari ya jimbo, MVA, haisajili vigari vya gofu. Ipo miji michache iliyopewa ruhusa kwa sheria mahususi, kama vile Crisfield kando ya Ghuba ya Chesapeake. Takoma Park haimo. Njia za waendao kwa miguu nazo zimekatazwa, pamoja na sehemu za Sligo Creek Parkway zinazofungwa magari mwishoni mwa wiki. Familia zinazotembea na kuendesha baiskeli pale hazitarajii chombo cha mota nyuma yao.

Kwa aliyezoea bajaji za Dar es Salaam au tuktuk za Mombasa, katazo hili huonekana geni. Lakini bajaji ina namba, bima, na dereva anayetakiwa kuwa na leseni. Kigari cha gofu kilibuniwa kwa ajili ya nyasi za uwanja, na aghalabu hakina milango wala mikanda. Kikikata kona ya kushoto kwa ghafla, abiria wa upande wa kulia husukumwa nje, naye hana cha kumzuia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2006 watu wapatao 148,000 walijeruhiwa kwa vigari hivi. Karibu thuluthi moja walikuwa watoto wa chini ya miaka 16, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuanguka au kuruka kutoka kigarini. Mtoto aliyepakatwa hayuko salama zaidi, kwani mikono ya mama haishindi nguvu ya kona.

Lipo gari jingine linalofanana nacho, nalo ndilo huwachanganya wanunuzi: gari la mwendo mdogo. Tangu 1998 sheria ya shirikisho imelitambua kuwa gari la magurudumu manne lenye mwendo wa juu unaozidi maili 20 na usiopita maili 25 kwa saa (kilomita 32 hadi 40). Sharti liwe na taa za mbele na za breki, taa za ishara, vioo, kioo cha mbele na mkanda kwa kila kiti. Hili MVA hulisajili, likiwa na bima, na huruhusiwa tu katika barabara ambazo kibao cha mwendo hakizidi maili 30 kwa saa. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi amtake muuzaji aonyeshe namba ya utambulisho ya gari yenye tarakimu na herufi 17. Isipokuwapo, hicho ni kigari cha gofu, hata kikipakwa rangi na kufungwa taa.

Dereva wa gari la mwendo mdogo huhitaji leseni kama dereva mwingine yeyote. Kukosa hati za uhamiaji si sababu ya kuendesha bila leseni: tangu 1 Januari 2014 Maryland huwapa leseni hata wakazi wasio na hati hizo, wakitimiza masharti, likiwamo la kuthibitisha kuwa wamewasilisha hesabu za kodi. Mtoto wa chini ya miaka 8 huketi katika kiti cha usalama, isipokuwa akiwa amefikia urefu wa futi 4 na inchi 9.

Mzee anayetumia kiti cha magurudumu chenye mota hahusiki na makatazo haya. Yeye huhesabiwa kuwa mwenda kwa miguu.

Mtu akianguka kutoka kigarini na kugonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akachanganyikiwa, piga 911 mara moja, hata kama kigari hakikustahili kuwa barabarani. Asiyejua Kiingereza aseme neno “Swahili”, asubiri mkalimani, wala asikate simu.